Namibia na ndoto ya hidrojeni: Upepo upo, jua lipo, mnunuzi yuko wapi?

Na Mwandishi Wetu

UPEPO wa Lüderitz, mji mdogo wa bandari kusini magharibi mwa Namibia, haupumziki. Huvuma kutoka Bahari ya Atlantiki, hupita juu ya miamba na kuingia Jangwa la Namib. Kwa zaidi ya karne moja wakazi wa mji huo wameuhesabu kuwa kero, kwani huingiza mchanga majumbani na kufukia reli.

Tangu mwaka 2021 Serikali ya nchi hiyo imekuwa ikiutazama upepo huo kwa jicho jingine. Imeamua kuwa, pamoja na jua kali la jangwani, upepo huo ndio utakaoendesha biashara mpya ya kuuzia dunia nishati inayoitwa hidrojeni ya kijani.

Mpango huo ni miongoni mwa mikubwa ya aina yake barani Afrika. Mradi wake mmoja tu unakadiriwa kugharimu zaidi ya Dola za Marekani bilioni 10, kiasi kinachokaribia pato zima la Namibia kwa mwaka. Nchi yenyewe ina watu wapatao milioni tatu, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2023.

Hata hivyo, swali linaloulizwa sasa si iwapo upepo na jua vinatosha. Hilo lilikwisha kujibiwa. Swali ni nani atakayeinunua hidrojeni hiyo, kwa bei gani, na nini kitakachobaki mikononi mwa Wanamibia endapo mnunuzi atabadili nia akiwa njiani.

Makala haya yanaeleza mpango huo ulivyoanza, ulipofikia, na mambo ambayo mataifa mengine ya Afrika, yakiwamo ya Afrika Mashariki, yanaweza kujifunza kutokana nao.

Hidrojeni ni kitu gani?

Hidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote, na ndiyo elementi iliyo nyingi zaidi katika ulimwengu. Hapa duniani, hata hivyo, ni nadra kuikuta ikiwa peke yake. Katika maji imeungana na oksijeni, na katika gesi asilia imeungana na kaboni.

Kwa sababu hiyo, kwa kawaida hidrojeni haichimbwi kama makaa ya mawe wala haivunwi kama kuni. Ni lazima itenganishwe na kile ilichoungana nacho, na kazi hiyo inahitaji nishati nyingi. Ndiyo maana wataalamu husema kuwa hidrojeni ni chombo cha kubebea nishati, wala si chemchemi ya nishati.

Si bidhaa ngeni. Mwaka 2023 dunia ilitumia tani zipatazo milioni 97 za hidrojeni, sehemu kubwa ikienda kwenye viwanda vya kusafisha mafuta, vya mbolea na vya kemikali. Karibu yote ilitengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe, njia ambazo humwaga angani hewa ya ukaa kwa wingi. Iliyotengenezwa kwa njia safi haikufika hata asilimia moja.

Hidrojeni huitwa ya kijani inapopatikana kwa kupitisha umeme wa jua, upepo au maporomoko ya maji ndani ya maji safi. Umeme huo huyatenga maji yakawa hidrojeni na oksijeni. Mtambo unaofanya kazi hiyo huitwa elektrolaiza. Ili kupata kilo moja ya hidrojeni, zinahitajika lita tisa hivi za maji yaliyosafishwa na umeme wa takribani uniti 50 hadi 55.

Faida yake ni kwamba hidrojeni inapotumika haitoi hewa ya ukaa. Inapoungana tena na oksijeni hutoa nishati na kurudi kuwa maji. Kilo moja ya hidrojeni hubeba nishati karibu mara tatu ya kilo moja ya petroli.

Tatizo ni usafirishaji wake. Kwa kuwa ni nyepesi mno, huhitaji nafasi kubwa. Ili iwe kimiminika ni lazima ipoozwe hadi nyuzi joto 253 za Selsiasi chini ya sifuri, jambo lenye gharama kubwa.

Njia inayopendekezwa na wengi ni kuichanganya hidrojeni na nitrojeni inayotoka hewani ili kupata amonia. Gesi hiyo huwa kimiminika ikipoozwa kufikia nyuzi 33 tu chini ya sifuri, na meli zimekuwa zikiisafirisha kwa miongo mingi, kwani ndiyo malighafi kuu ya mbolea za chumvichumvi zenye nitrojeni. Ina sumu, hivyo huhitaji uangalifu mkubwa, lakini biashara yake inafahamika.

Mpango ulivyoanza

Agosti 2021 Namibia na Ujerumani zilitia saini tamko la kushirikiana katika masuala ya hidrojeni. Ujerumani iliahidi Euro milioni 40 kwa ajili ya utafiti, miradi ya majaribio na mafunzo.

Miezi mitatu baadaye, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi uliofanyika Glasgow, Rais wa Namibia wakati huo, Hage Geingob, aliyefariki dunia Februari 2024, alitumia jukwaa la kimataifa kuutangaza mpango huo. Mwezi huohuo, Novemba 2021, kampuni ya Hyphen Hydrogen Energy ilitangazwa kuwa mzabuni aliyependekezwa kwa mradi wa Lüderitz.

Hyphen ni ubia kati ya kampuni ya nishati ya Ujerumani iitwayo Enertrag na kampuni ya uwekezaji ya Nicholas Holdings. Mei 2023 kampuni hiyo na Serikali ya Namibia zilitia saini mkataba wa upembuzi yakinifu na utekelezaji.

Katikati ya matukio hayo, Novemba 2022, Namibia ilizindua mkakati wake wa taifa wa hidrojeni. Mkakati huo unaigawa nchi katika maeneo matatu ya uzalishaji, yanayoitwa mabonde ya hidrojeni: Kharas kusini, eneo la kati linalojumuisha bandari ya Walvis Bay na jiji kuu la Windhoek, na Kunene kaskazini. Mwezi huohuo Umoja wa Ulaya ulitiliana saini na nchi hiyo makubaliano ya ushirikiano kuhusu madini muhimu na hidrojeni.

Kwa hiyo ndani ya muda usiozidi miaka miwili, nchi ambayo haikuwa ikizungumzwa sana katika mijadala ya nishati iligeuka kuwa kituo cha safari za mawaziri, mabenki na wawekezaji kutoka Ulaya.

Ukubwa wa mradi wa Hyphen

Mradi wa Hyphen umekusudiwa kujengwa katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 4,000 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Tsau //Khaeb, karibu na Lüderitz. Eneo hilo ni kubwa kuliko visiwa vya Unguja na Pemba vikiwekwa pamoja.

Mipango yake inataja mitambo ya umeme wa upepo na jua yenye uwezo wa megawati 7,000. Kwa kulinganisha, Bwawa la Julius Nyerere nchini Tanzania lina uwezo wa megawati 2,115. Mradi huo mmoja wa Namibia, basi, ungezidi bwawa hilo mara tatu, ingawa ni kweli kuwa mitambo ya upepo na jua haifanyi kazi kwa uwezo wake wote saa zote.

Umeme huo ungelisha elektrolaiza zenye uwezo wa megawati 3,000 na kuzalisha tani zipatazo 350,000 za hidrojeni kwa mwaka. Hidrojeni hiyo ingegeuzwa kuwa tani milioni mbili za amonia na kusafirishwa kwa meli.

Kampuni hiyo imekadiria kuwa ujenzi ungetoa ajira hadi 15,000, na kwamba uzalishaji ungetoa ajira 3,000 za kudumu, lengo likiwa asilimia 90 ya nafasi hizo kushikwa na Wanamibia. Serikali nayo imejiwekea haki ya kuchukua hisa asilimia 24, kupitia utaratibu wa mfuko uitwao SDG Namibia One ulioanzishwa kwa ushirikiano na taasisi za fedha za Uholanzi.

Kwa nchi ambayo vijana wake wengi hawana kazi, takwimu kama hizo si jambo dogo. Ndizo zilizowafanya wananchi wengi waupokee mpango huo kwa matumaini.

Kwa nini Ujerumani?

Ujerumani ina viwanda vingi vinavyokula nishati kwa wingi, hususan vya chuma na kemikali, lakini haina jua la kutosha wala ardhi tupu ya kujengea mitambo inayotosheleza mahitaji yake. Mkakati wake wa hidrojeni wa mwaka 2020, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2023, unakiri wazi kuwa sehemu kubwa ya hidrojeni itakayohitajika italazimika kuagizwa kutoka nje. Marekebisho hayo yalikadiria kuwa kati ya asilimia 50 na 70 ya mahitaji ya mwaka 2030 yatatoka ng'ambo.

Vita vya Ukraine vilivyozuka Februari 2022 viliongeza haraka hiyo. Gesi ya Urusi, iliyokuwa ikiendesha viwanda vya Ujerumani kwa miaka mingi, ilikatika. Wanasiasa na wakuu wa makampuni wakaanza kuzunguka dunia wakitafuta wauzaji wapya wa nishati.

Desemba 2022 aliyekuwa Waziri wa Uchumi wa Ujerumani, Robert Habeck, alizuru Namibia. Mwezi huohuo kampuni kubwa ya umeme ya Ujerumani, RWE, ilitia saini hati ya makubaliano na Hyphen kuhusu uwezekano wa kununua tani 300,000 za amonia kwa mwaka kuanzia mwaka 2027. Machi 2024 Serikali ya Ujerumani iliutambua mradi wa Hyphen kuwa mradi wa kimkakati ulio nje ya nchi.

Ilionekana kana kwamba muuzaji na mnunuzi wameshikana mikono, na lililobaki lilikuwa ujenzi tu.

Mnunuzi anasita

Hati ya makubaliano, hata hivyo, si mkataba wa mauzo. Haimfungi mtu kununua chochote.

Mwaka 2025 RWE ilithibitisha kuwa haiendelei tena na mpango wa kununua amonia ya Lüderitz, ikieleza kuwa mahitaji ya hidrojeni barani Ulaya yamekua polepole kuliko ilivyotarajiwa. Hadi mwishoni mwa mwaka huo uamuzi wa mwisho wa uwekezaji katika mradi wa Hyphen ulikuwa haujatangazwa, ilhali mipango ya mwanzo ilisema uzalishaji ungeanza mwaka 2026.

Namibia haikuwa peke yake katika mkasa huo. Juni 2025 kampuni ya chuma ya ArcelorMittal ilitangaza kuachana na mipango ya kubadili viwanda vyake viwili vya Ujerumani, kile cha Bremen na kile cha Eisenhüttenstadt, ili vitumie hidrojeni, licha ya kuahidiwa ruzuku kubwa na Serikali. Sababu iliyotolewa ni ileile: hesabu za gharama hazikubali.

Kiini cha tatizo ni bei. Hidrojeni ya kijani kwa kawaida hugharimu mara mbili au zaidi ya ile inayotokana na gesi asilia. Mwenye kiwanda hawezi kuinunua isipokuwa kama sheria itamlazimisha, ruzuku itamfidia, au wateja wake watakubali kulipa zaidi kwa bidhaa safi. Mambo yote hayo matatu yako mikononi mwa wanasiasa na wapigakura wa Ulaya, si wa Windhoek.

Kwa upande wa mabenki, mradi wa mabilioni ya dola hauwezi kupata mkopo bila mkataba wa mnunuzi wa kudumu, na mnunuzi naye hawezi kuweka mkataba wa kudumu bila kujua bei. Hapo ndipo mradi ulipokwama: kila mmoja akimsubiri mwenzake atangulie.

Historia nayo inatoa tahadhari. Mwaka 1999 Iceland ilitangaza dhamira ya kuwa nchi ya kwanza kuendesha uchumi wake kwa hidrojeni, ikiwa na umeme tele wa maji na jotoardhi. Mwaka 2003 ilifungua kituo cha kujazia hidrojeni jijini Reykjavik na kuanza kuendesha mabasi matatu ya majaribio. Majaribio hayo yalimalizika mwaka 2007. Baadaye nchi hiyo iligeukia magari ya betri, ambayo yaliibuka kuwa nafuu na yenye ufanisi zaidi barabarani.

Ardhi yenye historia nzito

Wanamibia wanapouliza nani atafaidika, hawaulizi kwa wivu. Wana sababu.

Mwaka 1908, nchi hiyo ikiwa chini ya ukoloni wa Ujerumani, mfanyakazi wa reli aitwaye Zacharias Lewala aliokota almasi mchangani karibu na Lüderitz. Alimkabidhi msimamizi wake, Mjerumani August Stauch. Stauch akawa tajiri mkubwa. Lewala hakupata chochote cha maana.

Mwaka huohuo wakoloni waliitangaza sehemu kubwa ya pwani hiyo kuwa eneo lililopigwa marufuku, yaani Sperrgebiet. Kwa miaka takribani 100 wananchi wa kawaida hawakuruhusiwa kuingia huko. Mji wa Kolmanskop, uliojengwa kwa utajiri wa almasi ukiwa na hospitali na ukumbi wa starehe, ulihamwa katika miaka ya 1950, na leo nyumba zake zimejaa mchanga. Eneo hilo lililokuwa limefungwa ndilo lililogeuzwa mwaka 2008 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Tsau //Khaeb, na ndilo linalokusudiwa kupokea mitambo ya hidrojeni.

Iko pia kumbukumbu chungu zaidi. Kati ya mwaka 1904 na 1908 majeshi ya Ujerumani yaliwaua makumi ya maelfu ya Waherero na Wanama. Katika Kisiwa cha Papa, ambacho sasa kimeunganishwa na nchi kavu pale Lüderitz, kulikuwa na kambi ya mateso kuanzia mwaka 1905 hadi 1907. Watu wapatao elfu moja hadi elfu tatu, na pengine zaidi, walikufa hapo kwa njaa, baridi, maradhi na kazi za suluba. Ni miaka ileile ambayo Vita vya Maji Maji vilikuwa vikiendelea katika koloni jingine la Ujerumani, ambalo leo ni Tanzania Bara.

Mwaka 2021 Ujerumani ilikiri kuwa yaliyotendeka Namibia yalikuwa mauaji ya kimbari na kuahidi Euro bilioni 1.1 kwa ajili ya maendeleo katika kipindi cha miaka 30. Viongozi wengi wa jadi wa Waherero na Wanama waliikataa ahadi hiyo, wakisema hawakushirikishwa ipasavyo katika mazungumzo na kwamba fedha hizo hazikuitwa fidia.

Mipango ya kupanua bandari ya Lüderitz ili ihudumie biashara ya hidrojeni imezua hofu mpya. Viongozi wa jadi wa Wanama wanasema ujenzi huo unaweza kuvuruga mahali waliposhukia roho za babu zao, na kwamba kwa mara nyingine maamuzi kuhusu ardhi ya wazee wao yanafanyika bila wao kuulizwa kwanza.

Hifadhi na maji

Wanamazingira nao wana yao. Hifadhi ya Tsau //Khaeb imo katika ukanda wenye mimea ya jangwani inayotunza maji katika majani yake, na mingi kati ya mimea hiyo haipatikani mahali pengine popote duniani. Barabara, nyaya za umeme, mabomba na mamia ya minara ya upepo ni mambo yanayoweza kuacha makovu yasiyofutika upesi, kwa kuwa udongo wa jangwani huchukua miaka mingi kupona.

Kwa upande wa maji, uzalishaji wa tani 350,000 za hidrojeni unahitaji zaidi ya lita bilioni tatu za maji safi kwa mwaka, mbali na maji ya kupoozea mitambo. Namibia ni nchi kame. Mei 2024 ilitangaza hali ya dharura kutokana na ukame.

Mpango wa Hyphen ni kutumia maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Kwa hesabu za umeme, kazi hiyo hula sehemu ndogo tu ya nishati ya mradi, na imeelezwa kuwa mtambo huo unaweza kuzalisha ziada kwa ajili ya wakazi wa Lüderitz. Linalobaki ni kuhakikisha kuwa maji ya chumvi kali yanayorudishwa baharini hayaharibu mazalia ya samaki na kamba, ambao ni tegemeo la mji huo.

Miradi midogo yatangulia

Wakati mradi mkubwa ukingoja mnunuzi, miradi midogo imetangulia kufanya kazi, na pengine hapo ndipo penye habari isiyosikika sana.

Karibu na mji wa Arandis, katika mkoa wa Erongo, mradi wa HyIron Oshivela ulianza uzalishaji mwaka 2025. Unatumia umeme wa jua na elektrolaiza ya megawati 12 kupata hidrojeni, ambayo hutumika kuondoa oksijeni katika mawe ya chuma badala ya makaa ya mawe. Awamu ya kwanza imepangwa kutoa tani 15,000 za chuma ghafi kwa mwaka. Ujerumani ilichangia sehemu ya gharama zake.

Tofauti yake na mpango wa Lüderitz ni kubwa. Hapa hidrojeni haisafirishwi. Inatumika palepale inapozalishwa, na kinachopakiwa melini ni chuma, bidhaa ambayo ni rahisi kubeba na inayoweza kuuzwa kwa wanunuzi wa nchi nyingi. Nchi inauza bidhaa iliyoongezewa thamani.

Karibu na mji wa bandari wa Walvis Bay, kampuni ya Cleanergy Solutions Namibia, ambayo ni ubia wa CMB.TECH ya Ubelgiji na kampuni ya Namibia ya Ohlthaver & List, imejenga mtambo wenye elektrolaiza ya megawati tano. Lengo lake ni kujazia hidrojeni malori, mitambo ya bandarini na vyombo vidogo vya majini.

Mradi wa tatu ni Kijiji cha Hidrojeni cha Daures, pia katika mkoa wa Erongo, unaokusudia kuzalisha amonia kwa ajili ya mbolea na kuendesha kilimo cha mboga katika mabanda maalumu.

Miradi yote mitatu haifikii hata asilimia moja ya megawati 3,000 za elektrolaiza zinazotajwa Lüderitz. Lakini ina kitu ambacho mradi mkubwa haujakipata: mtu au kazi inayojulikana ya kutumia hidrojeni hiyo.

Umeme wa nani?

Lipo pia swali la haki nyumbani. Watu wapatao wanne kati ya kila kumi nchini Namibia hawana umeme. Nchi hiyo huagiza zaidi ya nusu ya umeme wake kutoka nje, hasa Afrika Kusini, na mtambo wake mkubwa zaidi, ule wa maporomoko ya Ruacana katika Mto Kunene, una uwezo wa megawati 347 tu, tena maji yanapokuwapo.

Mahitaji ya nchi nzima wakati wa kilele hayafikii hata megawati 1,000. Mradi wa megawati 7,000 kwa ajili ya mauzo ya nje, katika nchi ambako watoto wengi bado wanasoma kwa mshumaa, ni jambo linalohitaji maelezo.

Watetezi wa mpango wanayo majibu. Wanasema kuwa bila mnunuzi wa nje hakuna atakayetoa mtaji wa kujenga mitambo mikubwa, kwamba ziada ya umeme itaingizwa katika gridi ya taifa, na kwamba mrabaha, kodi na gawio la hisa vitaiwezesha Serikali kupeleka umeme vijijini.

Wakosoaji hujibu kwamba kugeuza umeme kuwa hidrojeni, kisha amonia, kisha kuusafirisha na kuugeuza tena kuwa nishati upande wa pili, hupoteza zaidi ya nusu ya umeme wa awali. Kwao, uniti ya kwanza ingepaswa kuwasha taa ya Mnamibia kabla ya kufikiria tanuri la Mjerumani.

Mjadala huo sasa uko mezani kwa Rais Netumbo Nandi-Ndaitwah, aliyeapishwa Machi 21, 2025, miaka 35 kamili tangu Namibia ipate uhuru. Kiongozi huyo si mgeni Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1980, wakati wa harakati za ukombozi, alikuwa mwakilishi wa chama cha SWAPO katika ukanda huu, makazi yake yakiwa Dar es Salaam.

Kazi yake imeongezewa uzito na kugunduliwa kwa mafuta katika bahari ya kusini mwa nchi hiyo mwaka 2022. Mafuta na hidrojeni sasa vinagombea macho ya wawekezaji, mafundi na bandari ileile ya Lüderitz.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Namibia si pekee. Mwaka 2022 nchi sita za Afrika, zikiwamo Kenya, Afrika Kusini, Misri, Morocco, Mauritania na Namibia yenyewe, ziliunda umoja wa kuendeleza hidrojeni ya kijani.

Septemba 2023 Kenya ilizindua mkakati wake jijini Nairobi, wakati wa mkutano wa Afrika kuhusu tabianchi. Ingawa nao unataja mauzo ya nje kwa siku za baadaye, hatua yake ya kwanza inaelekezwa katika soko la ndani, hususan mbolea. Kenya ina umeme wa jotoardhi wa Olkaria, unaopatikana usiku na mchana, na hutumia fedha nyingi za kigeni kuagiza mbolea yenye nitrojeni. Mkulima wa Kenya, basi, ni mnunuzi ambaye tayari yupo.

Wakulima wa ukanda huu wanakumbuka vizuri mwaka 2022, bei ya mfuko wa mbolea ilipopanda mno baada ya vita vya Ukraine kuvuruga biashara ya gesi na mbolea. Nchi yenye kiwanda cha amonia kinachoendeshwa kwa jotoardhi, maji, jua au upepo wake yenyewe ingeweza kuukinga mfuko huo dhidi ya misukosuko ya mbali, mradi gharama za uzalishaji zisiwe juu kuliko bei ya kuagiza.

Hapo ndipo uzoefu wa Namibia unapokuwa somo. Kwanza, hati ya makubaliano isihesabiwe kuwa ni fedha. Pili, kuanza na mtambo mdogo wenye mteja kunampa mwananchi kitu cha kuona na fundi kitu cha kujifunzia. Tatu, bidhaa iliyokwisha kuongezewa thamani, iwe chuma au mbolea, ina wanunuzi wengi kuliko hidrojeni ghafi. Nne, wenye ardhi waulizwe kabla ya ramani kuchorwa, si baada.

Hakuna anayeweza kusema leo kwamba mradi wa Lüderitz umekufa. Bei za paneli za jua na elektrolaiza zinaweza kuendelea kushuka, sheria za Ulaya zinaweza kukaza, na wanunuzi wengine wanaweza kujitokeza kutoka Asia. Serikali ya Namibia na Hyphen hawajatangaza kuachana nao.

Lakini Wanamibia wanaijua hadithi ya Zacharias Lewala. Wanajua kuwa kuokota almasi si sawa na kuimiliki, na kwamba utajiri unaweza kupita mikononi mwa mtu bila kumwachia hata senti. Upepo wa Lüderitz utaendelea kuvuma, mnunuzi aje asije. Linalobaki kuamuliwa ni taa ya nani itakayowaka kwanza.